Swali lina mkia: namna ya kujibu Historia na Serikali

Kila Jumamosi saa nane mchana, meza yangu ya kulia hapa Free Area, Nakuru, hugeuka dawati. Watoto wa majirani huja na karatasi zao za Historia na Serikali, wengine wa kidato cha tatu, wengine wa nne, pamoja na mpwa wangu ambaye nashuku hufuata chai kuliko kitabu. Nimesahihisha karatasi hizi kwa miaka mingi, na wengi wanaopata alama ndogo wamesoma vizuri tu. Tatizo lao ni kwamba wanajibu swali ambalo hakuna aliyewauliza.

Siwacheki, maana hata mimi yalinipata. Katika mtihani wa moko, yaani wa majaribio, nikiwa kidato cha nne, tuliulizwa kwa nini upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza ulidumu muda mrefu. Nikaandika kurasa tatu juu ya Koitalel arap Samoei: alivyokuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wa kidini wa Wanandi, alivyoitwa kwenye mazungumzo ya amani, na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alivyomuua tarehe 19 Oktoba 1905. Nilikuwa na uhakika nimeua swali. Karatasi iliporudi nilikuta 2 kwa 12, na pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hadithi tamu. Jibu liko wapi?"

Karatasi yenyewe huja kwa Kiingereza, lakini mezani kwangu tunaelezana kwanza kwa Kiswahili. Mwanafunzi akishindwa kunieleza hoja kwa lugha anayonunulia mboga sokoni, najua hajaielewa, amekremu tu. Basi na maelezo haya nayaandika hivyo hivyo. Wale wa Gredi ya 10 wana somo lao la Historia na Uraia na mitihani yao ina sura nyingine, ila mengi ya hapa chini yatawafaa nao.

Ijue karatasi kabla haijakujua

Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, karatasi ni mbili. Ya kwanza inahusu Kenya, ya pili inahusu Afrika na ulimwengu. Kila moja ina saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu A ina maswali mafupi 17, yote ya lazima, alama 25. Sehemu B ina maswali manne, unachagua matatu, alama 45. Sehemu C ina matatu, unachagua mawili, alama 30, na katika karatasi ya kwanza hapo ndipo katiba na serikali hukaa.

Piga hesabu mara moja, uimalize. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 15 basi lina dakika 22 hivi. Sehemu A ikikushika zaidi ya dakika 35, ujue unakula muda wa insha. Na usijibu maswali manne pale ulipoambiwa matatu ukidhani msahihishaji atakuchagulia yaliyo bora. Huo ni muda umeutupa.

Hatua ya kwanza: anza na mkia

Mkia ni ile nambari iliyo kwenye mabano mwishoni mwa swali. Isome kabla hujafikiria jibu. Alama moja inataka jambo moja. Alama tatu katika kipande cha (a) ni hoja tatu fupi. Ukiona alama 12 na umeambiwa ueleze hoja sita, kila hoja ina alama mbili: moja ya kuitaja, nyingine ya kuieleza. Kuna binti aliniletea karatasi ambayo swali la alama moja lilikuwa na mistari tisa, na la alama 12 lilikuwa na mistari minane. Yote aliyoandika yalikuwa kweli, lakini alikuwa ameyagawa kama mtu anayepakua chakula bila kuhesabu wageni.

Hatua ya pili: sikiliza kitenzi

Ukiambiwa "taja", toa hoja uende zako. Ukiambiwa "eleza", hoja peke yake ni nusu ya jibu, na nitalirudia hili hapa chini kwa sababu ndiko alama nyingi hupotelea. "Simulia" au "fafanua jinsi" hutaka mtiririko, jambo la kwanza lianze na la mwisho limalize. "Tofautisha" hutaka pande mbili katika sentensi moja. Ukiandika kwamba Seneti inawakilisha kaunti kisha ukanyamaza, hujatofautisha chochote. Malizia: ilhali wabunge 290 wa Bunge la Kitaifa huchaguliwa na maeneo bunge.

Hatua ya tatu: tafuta uzio

Karibu kila swali lina uzio: mahali, kipindi, au watu fulani. Upigie mstari kwa penseli.

Chukua reli, kwa kuwa sote hapa tumekua tukiiona. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na njia ikafika Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Swali linaweza kuuliza kwa nini Waingereza waliijenga, au linaweza kuuliza ilileta athari gani. Kila mwaka napata karatasi inayosema reli ilijengwa "ili miji kama Nakuru na Kisumu ikue". Hapana. Kukua kwa miji kulifuata baadaye, kwa hiyo ni athari. Sababu ni zile zilizokuwa vichwani mwa Waingereza kabla reli haijatandazwa: kuishika Uganda kwa ajili ya chanzo cha mto Nile, kusafirisha askari na maofisa, kufikia mali na soko la bara, na kukomesha biashara ya watumwa. Kunyang'anywa ardhi, kuja kwa walowezi, Wahindi kufungua maduka, hayo yote yaweke kwenye kapu la athari.

Mpwa wangu aliwahi kuniuliza kwa nini iliitwa reli ya Uganda ilhali iliishia Kisumu. Swali zuri kuliko mengi ya mtihani. Ni kwamba reli ilipofika, Kisumu ilikuwa bado upande wa Uganda. Jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Hata hapa Nakuru palihesabiwa ni Uganda. Tangu nimweleze hivyo hajasahau mwaka huo, na mimi sikumlazimisha kuukariri.

Uzio wa kipindi ndio unaoangusha wengi. Swali likiuliza vyama vya siasa vya Waafrika kabla ya 1939, KANU (Kenya African National Union) haina nafasi hapo, maana iliundwa 1960. KAU (Kenya African Union) nayo ni ya 1944. Unaotakiwa kuwakumbuka ni akina Young Kavirondo Association, kilichozaliwa Lundha, Gem, Desemba 1921, wenyeji wakakiita Piny Owacho, na Kikuyu Central Association cha 1924. Vyama vya wakati huo vingi vilikuwa vya kabila au eneo moja, viliongozwa na vijana waliosoma shule za misheni, na vililalamikia kodi, kipande, kazi ya kulazimishwa na ardhi. Havikuwa vikidai uhuru wa nchi nzima. Ukiandika kwamba vilidai uhuru, umeruka uzio.

Hatua ya nne: weka "hivyo" katika kila hoja

Hapa naomba tukae kidogo.

Turudi kwa Wanandi, swali lile lile lililonifedhehesha: eleza sababu sita zilizofanya upinzani wao udumu kuanzia 1895 hadi 1905 (alama 12). Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliandika hivi:

"Wanandi walikuwa na jeshi zuri. Walikuwa na milima. Walikuwa na kiongozi. Walitabiriwa nyoka wa chuma. Kulikuwa na baridi. Walikuwa jasiri."

Sita kweli, lakini zihesabu kama msahihishaji. Jeshi zuri: alama moja. Milima: moja. Kiongozi: moja. Baridi: moja, nikiwa nimeamka vizuri. Kuwa jasiri: hakuna, kwa sababu kila jamii iliyopigana ilikuwa jasiri na hilo halituelezi kwa nini hawa walidumu. Nyoka wa chuma: ngoja kwanza. Jumla 4 kwa 12, naye alikuwa anayajua yote.

Nikamwambia achukue kila sentensi yake aweke neno "hivyo" mwishoni, kisha aimalizie. Hakuruhusiwa kufungua kitabu. Alirudi na haya:

Wanandi walikuwa na jeshi lililopangwa kwa marika na kufunzwa vyema, hivyo kila Waingereza walipotuma kikosi kipya walikuta vijana wako tayari.

Nchi yao ni ya milima na misitu, hivyo askari wa Kiingereza walipata shida kuwafuata na kubeba mizigo yao.

Orkoiyot aliheshimiwa na koo zote, hivyo walipigana wakiwa kitu kimoja na haikuwa rahisi kuwagawanya.

Baridi, mvua na magonjwa viliwachosha askari wageni, hivyo mashambulizi yao yalikatika katikati.

Mbili zilizobaki tulizitafuta pamoja. Walipigana kwa kuvizia, wakishambulia na kutoweka, hivyo bunduki za Waingereza hazikupata wa kulengwa. Na walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli wakafua silaha, hivyo hawakuishiwa na zana.

Ni kijana yule yule, na hakuongeza kusoma hata ukurasa mmoja. Sasa ana 12.

Tuje kwa nyoka wa chuma, yaani reli. Utabiri wa Kimnyole, babake Koitalel, unapendwa sana na wanafunzi, nami naupenda. Lakini unajibu swali la kwa nini Wanandi waliwakataa wageni, yaani sababu ya kuanza. Swali letu linauliza kwa nini hawakuisha upesi. Ukiutumia hapa, uuvute mpaka ufike kwenye muda: waliamini wageni na reli yao ni balaa lililotabiriwa, hivyo hawakuwa tayari kukubali amani mapema. Usipouvuta, ni hadithi tamu kama yangu.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga, ambaye aliamua kushirikiana. Usiandike "alitaka kuwa mkubwa". Andika kwamba alikuwa na maadui jirani, wakiwemo Wajaluo wa Ugenya na Wabukusu, hivyo alihitaji silaha na msaada wa Waingereza ili kuwashinda. Swali likiuliza matokeo, ndipo unaleta kwamba Mumias iligeuka kituo cha utawala na mwenyewe akafanywa chifu mkuu mwaka 1909. Usichanganye hayo mawili. Tulishaona kwenye reli.

Hatua ya tano: kwenye sheria, weka kando daftari la kaka yako

Kurasa za historia katika daftari la zamani bado zinafaa. Za serikali zichunguze sana. Katiba ya sasa ilipigiwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 Agosti mwaka huo. Daftari lililoandikwa kabla ya hapo litakupa mikoa minane, bunge lisilo na Seneti, na njia za uraia ambazo hazipo tena. Uraia sasa ni kwa njia mbili: kuzaliwa na kusajiliwa. Mwanafunzi akitaja njia tatu, namuuliza tu daftari ni la nani.

Mtego wa pili ni haki za mtu mikononi mwa sheria. Kuna mtu aliyekamatwa, Ibara ya 49, na kuna mtu anayeshtakiwa mahakamani, Ibara ya 50. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, kutolazimishwa kukiri, kuwekwa mbali na wanaotumikia kifungo, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zimeishia nje ya muda wa korti. Anayeshtakiwa ana haki ya kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe, kupewa muda wa kuandaa utetezi, kusikizwa hadharani, na kupata mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti. Namna ya kuzitenga ni kujiuliza mtu yuko wapi: kituoni au kizimbani? Haki ya mkalimani ni ya kizimbani. Saa 24 ni za kituoni.

Mtego wa tatu ni wa lugha yetu wenyewe. Magazeti na redio husema "Mahakama ya Juu" na "Mahakama Kuu", na mtoto akisikia huona ni kitu kimoja. Mahakama ya Juu ndiyo kilele: majaji saba, akiwemo Jaji Mkuu na naibu wake, na ndiyo inayosikiza kesi ya kupinga uchaguzi wa rais. Ndiyo iliyofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Chini yake kuna Mahakama ya Rufaa, ambayo hukaa hata Kisumu. Kisha ndiyo Mahakama Kuu. Chini kabisa ziko za mahakimu, za Kadhi na za kijeshi. Na Kiswahili kimetusaidia pahali pengine: jaji ni wa mahakama za juu, hakimu ni wa zile za chini. Ukikumbuka hayo majina mawili, nusu ya mchoro wa mahakama umeshauchora.

Mtego wa nne, na huu nauona kila mwaka, ni kazi za serikali ya kaunti na zile za serikali ya kitaifa. Usikariri orodha ya Jedwali la Nne la katiba ukiwa umelala kitandani. Toka nje. Mama mboga akikimbizwa na kanjo, hiyo ni kaunti. Akija polisi, hiyo ni serikali ya kitaifa. Taka zinazozolewa sokoni, leseni ya baa, zahanati ya mtaani: kaunti. Pasipoti na jeshi: kitaifa. Tena kuna shule nyingi ambazo chekechea na msingi ziko ndani ya ua mmoja. Mwalimu wa chekechea ni wa kaunti, wa darasa la pili jirani yake ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Wanakunywa chai kutoka birika moja na kulipwa na serikali mbili. Andika hivyo kwa lugha ya mtihani na alama ni zako.

Hatua za mswada kuwa sheria zinahitaji mpangilio tu: kuchapishwa, kusomwa mara ya kwanza bila mjadala, mara ya pili kwa mjadala, kamati, ripoti, mara ya tatu, kisha saini ya rais, ambaye ana siku 14 kuukubali au kuurudisha.

Nambari za kubeba mfukoni

Ni chache. Kaunti 47. Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 wa kaunti na 12 walioteuliwa na vyama, pamoja na spika. Seneti ina 47 waliochaguliwa, wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, pamoja na spika. Mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24. Kaunti hupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Uhuru wa ndani ni tarehe 1 Juni 1963, uhuru kamili 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964. Wanaochanganya hizi mbili za Desemba ni wengi mno.

Kitu usichokijua kwa uhakika, kiandike bila nambari. "Baada ya uhuru" ni jibu. "Mwaka 1972" ulioubuni ni kosa linaloonekana kutoka mbali.

Hatua ya sita: tumia ulipo

Watoto wa huku wana bahati wasiyoijua. Ukiulizwa zana za mawe, Kariandusi iko upande wa Gilgil. Mabaki ya makazi ya kale yako Hyrax Hill, nje kidogo ya mji. Fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale, alilolipata Mary Leakey mwaka 1948 lilitoka kisiwa cha Rusinga, na Kenyapithecus, wa kale vilevile, alitoka Fort Ternan, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu. Kenyatta alikutana na walowezi hapa hapa Nakuru Agosti 1963 kuwatuliza kwamba serikali ya Waafrika haitawafukuza. Mzazi, kama unasoma hii: matembezi ya saa mbili Hyrax Hill yatafanya kazi kuliko masomo ya ziada ya wiki nzima, na ni nafuu.

Kuhusu Jaramogi Oginga Odinga, mtoto wa Kisumu atataka kuandika yote aliyosimuliwa na babu. Aandike, lakini kwenye uzio: makamu wa rais tangu 1964, kujiuzulu na kuongoza chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union) mwaka 1966, chama kupigwa marufuku 1969. Ya babu yabaki ya jioni.

Dakika kumi za mwisho

Usianze hoja mpya. Hakikisha kila jibu lina nambari yake na herufi yake, (a) iwe (a). Ruka mstari kati ya hoja na hoja ili jicho lililochoka lizihesabu. Kisha pitia yale majibu ya "eleza" pekee ukitafuta sentensi isiyo na "hivyo" wala "kwa sababu". Ukiipata, iongezee maneno matano.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliandika zile hoja sita za Wanandi kwa dakika 19. Nne zilikuwa na "hivyo", mbili hazikuwa. Nikampa 10 kwa 12. Akamaliza chai, akaivuta karatasi tena, akauliza penseli iko wapi.